Gurudumu la nyuma la pikipiki kuukuu: namna ya kuchagua mbadala kwa vipimo

Ukienda dukani ukaomba "gurudumu la nyuma la CG", utapewa, na huenda hata likaingia kwenye swingamu (mikono ya nyuma inayoshika gurudumu) bila kelele. Matatizo huja baadaye. Cheni inakula meno upande mmoja, beringi zinalia kabla ya mwezi kuisha, au fimbo ya breki haifiki ilipotakiwa kufika. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na viwanda vya China vimeinakili kwa wingi hata "CG" ikabaki kuwa jina la ukoo. Pikipiki mbili zenye injini pacha zinaweza kutofautiana unene wa ekseli, upana wa swingamu na kimo cha ringi. Kwa hiyo mbadala hununuliwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) na karatasi yenye namba. Jina la pikipiki litakusaidia tu kujua uanzie duka gani.

Maelezo haya yanahusu CG na kopi zake: breki ya ngoma nyuma, cheni upande wa kushoto, ringi ya spoku 36. Njia ya kupima ni hiyohiyo kwa Boxer au TVS, ila namba zitabadilika.

Amua kwanza unabadilisha nini

Ziko njia tatu, na gharama zake hazilingani.

Ya kwanza ni kubakiza habu yako, yaani kitovu cha gurudumu, na kusuka ringi mpya juu yake. Kama habu haijapasuka, ngoma haijaliwa na beringi bado zinakaa kwa kubana, hakuna sababu ya kutafuta kingine. Ekseli, breki, sproketi (gia ya meno ya cheni) na bushi (vipande vya bomba vinavyojaza nafasi pembeni mwa habu) zote zinabaki zilivyo. Watu wengi wanaotafuta gurudumu zima wanahitaji ringi na spoku tu.

Ya pili ni gurudumu zima la spoku kutoka pikipiki nyingine. Hili linafaa habu yako ikiwa imekufa, au ukitaka ngoma kubwa zaidi, kwa mfano kutoka kipenyo cha 110 mm kwenda 130 mm.

Ya tatu ni ringi ya sport, yaani gurudumu la alumini la kumimina. Haliombi kukazwa spoku, na likiwa limechapwa TUBELESS unaweza kulivalisha tairi lisilo na tyubu, hivyo ukichomwa na msumari upepo hutoka polepole. Lakini kwa pikipiki inayobeba gunia mbili za mkaa au mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) kwenye barabara ya vumbi, spoku ndizo za kuchagua. Ringi ya chuma ikiingia shimoni hupinda na kunyooshwa. Alumini hupasuka, mara nyingi pale mkono wake unapokutana na ukingo, na ufa huo hauchomelewi ukategemewa tena. Ringi ya sport ni ya lami.

Kuna mtego mmoja kwenye ringi za sport: nyingi zinakuja na mahali pa diski. Ukinunua yenye diski wakati pikipiki yako ni ya ngoma, utahitaji kalipa ya breki, kishikio chake, pampu ya mguuni, chupa ya mafuta na mahali pa kuifunga kwenye fremu. Bila kupata seti nzima kutoka pikipiki moja, achana nayo. Kishikio cha kalipa kilichochomelewa kwa kukisia kwenye swingamu ya zamani hakifai kutegemewa.

Pima pikipiki kabla ya kutoka nyumbani

Unahitaji kalipa ya 150 mm, rula ya chuma, bomba la mraba lililonyooka la urefu wa mita moja hivi, na mtu wa kushika. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati.

Kabla ya lolote, shika ncha ya nyuma ya swingamu uisukume kulia na kushoto. Ikicheza, bushi zake za mbele zimekwisha. Zibadilishe kwanza, maana swingamu inayocheza hukupa vipimo vya uongo, kisha gurudumu jipya linalaumiwa bure.

Sasa andika haya:

1. Unene wa ekseli. Kwenye kundi hili utakutana na 12 mm au 15 mm, na kwenye pikipiki kubwa kidogo 17 mm. Pima sehemu ambayo beringi hukaa. Usipime penye nyuzi.

2. Nafasi kati ya nyuso za ndani za swingamu, pale ekseli inapopita. Legeza nati kabisa kwanza, kwa sababu swingamu iliyobanwa miaka mingi na bushi fupi huwa imejikunja kwa ndani.

3. Mstari wa cheni. Fungua kifuniko cha sproketi ndogo, laza bomba lako la mraba kwenye uso wake wa nje na ulielekeze nyuma. Pima kutoka uso wa ndani wa mkono wa kushoto wa swingamu hadi kwenye bomba hilo. Uso wa nje wa sproketi ya nyuma unapaswa kukaa hapo. Kama unene wa sproketi mbili si sawa, toa nusu ya tofauti ikiwa ya nyuma ndiyo nene, au iongeze ikiwa ya nyuma ndiyo nyembamba.

4. Nafasi ya tairi: upana kati ya mikono ya swingamu pale tairi linapopita, na umbali kutoka tairi hadi madigadi.

5. Upande wa breki: urefu wa mkono wa breki, mahali upau wa kuzuia sahani ya breki umefungwa kwenye swingamu, na uzi uliobaki kwenye fimbo.

6. Cheni na sproketi. Ya 428 ina hatua (umbali wa pini hadi pini) ya 12.7 mm, sawa na 420, lakini 420 ni nyembamba: nafasi ya ndani ni 6.35 mm, ya 428 ni 7.94 mm. Sproketi ya 420 itaingia kwenye cheni ya 428 ikicheza pembeni, bila kukaa sawasawa; ya 428 haiingii kwenye cheni ya 420 kabisa. Ya 520 ina hatua ya 15.875 mm, haioani na hizo mbili. Pima pia tundu la katikati la sproketi na umbali kati ya bolti zinazotazamana.

Hesabu ya bushi

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Gurudumu geni karibu kila mara lina upana tofauti na swingamu yako, na tofauti hiyo inajazwa na bushi za pembeni. Fundi wa haraka hugawa nusu kwa nusu, au hupanga washa mpaka nafasi ijae. Njia sahihi ni kuanza na cheni.

Chukua mfano huu. Nafasi ya swingamu ni 186 mm. Gurudumu jipya, likiwa na sahani ya breki na kibebeo cha sproketi, lina upana wa 170 mm kutoka ncha hadi ncha. Zinabaki 16 mm. Mstari wa cheni unataka uso wa sproketi ukae 38 mm kutoka mkono wa kushoto. Kwenye gurudumu jipya uso huo uko 29 mm kutoka ncha ya kushoto. Basi bushi ya kushoto ni 38 kutoa 29, yaani 9 mm, na ya kulia ni 7 mm iliyobaki.

Halafu angalia ringi imeangukia wapi. Kama katikati ya ringi iko 83 mm kutoka ncha ya kushoto, baada ya bushi ya 9 mm itakaa 92 mm kutoka mkono wa swingamu. Katikati ya swingamu ni 93. Milimita moja haina tatizo, na kwa ringi ya spoku inavutwa kwa kukaza. Ungegeuza bushi, 7 kushoto na 9 kulia, sproketi ingetoka kwenye mstari kwa 2 mm na ringi ingeachana na katikati kwa 3 mm. Cheni ingeanza kung'ata meno upande mmoja, na pikipiki ingevutia pembeni ukiachia usukani.

Lenga cheni isipishane kwa zaidi ya 1 mm. Ikiwa ringi ya sport inatoka katikati kwa zaidi ya 4 au 5 mm pale cheni iliponyooka, gurudumu hilo si lako, kwa kuwa ringi ya kumimina haivutwi. Kuliacha dukani ni rahisi kuliko kuishi nalo.

Bushi zichongeshwe kwa fundi wa mashine, za chuma, nyuso zote mbili zikiwa sambamba. Tundu la ndani lizidi ekseli kwa 0.1 hadi 0.2 mm. Kipenyo cha nje kiguse duara la ndani la beringi peke yake. Kwa beringi ya 6202 (ya ekseli ya 15 mm) usizidishe 21 mm. Bushi nene zaidi itakwaruza sili au kukandamiza duara la nje, na beringi itakufa mapema. Rundo la washa badala ya bushi huzama moja ndani ya nyingine kila siku, na kila zikizama nati ya ekseli inalegea.

Ekseli na beringi

Kama gurudumu unalolipenda lina beringi za ekseli nyembamba kuliko yako, usikimbilie kuchonga habu. Mara nyingi kuna beringi yenye kipenyo kilekile cha nje na tundu kubwa zaidi (kwenye mabano ni tundu × kipenyo cha nje × unene, kwa mm):

– 6201 (12 × 32 × 10) inapokewa na 6002 (15 × 32 × 9).
– 6202 (15 × 35 × 11) inapokewa na 6003 (17 × 35 × 10).
– 6302 (15 × 42 × 13) inapokewa na 6004 (20 × 42 × 12).

Kila mara beringi mpya ni nyembamba kwa 1 mm, kwa hiyo pete ya 1 mm inahitajika. Pia zinabeba mzigo mdogo kuliko zile za mwanzo, hivyo kwa pikipiki ya mzigo hii ni njia ya pili. Njia hii haifanyi kazi kinyume: ekseli ya 12 kwenye beringi ya 15 huhitaji bushi nyembamba ndani ya beringi, na kwa gurudumu la nyuma hilo si la kufanya.

Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, lazima kuwe na bomba la kati. Magurudumu ya mtumba mara nyingi huuzwa bila hilo, na wengi hawaoni pengo kwa sababu gurudumu linazunguka vizuri mkononi. Ukikaza ekseli bila bomba, au na bomba fupi, duara za ndani za beringi zinasogezwa kuelekea katikati huku za nje zimekaa. Gololi za beringi zinapanda ukingo wa njia yake. Dalili yake ni hii: gurudumu linazunguka huru nati ikiwa imelegea, linakuwa zito ukikaza. Ukiiona, simama hapohapo. Urefu wa bomba unatakiwa ulingane na umbali kati ya nyuso za ndani za beringi zikiwa zimefika mwisho wa viti vyake. Bomba likizidi kwa sehemu ya kumi ya milimita hakuna neno, likipungua lina neno.

Kiti cha beringi nacho kina majibu. Beringi inatakiwa iingie kwa kugongwa taratibu kwenye duara la nje. Ikiteleza kwa kidole, kiti kimekwisha. Utaambiwa kinaweza kupigwa nukta kwa senta panchi ili kibane. Nukta hizo zinabana kwenye ncha zake tu, na zikilainika beringi inaanza kuzunguka ndani ya alumini. Rudisha gurudumu.

Inchi 17 au 18

Tairi la 3.00-18 lina kipenyo cha karibu 620 mm, la 3.00-17 karibu 595. Mzunguko unatofautiana kwa takribani 80 mm, sawa na asilimia 4. Ukishuka kwenda 17, pikipiki inavuta vizuri mlimani lakini injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Kama ulikuwa na meno 41 nyuma, 39 yatakurudisha karibu na hali ya zamani. Ukipanda kwenda 18, ongeza meno kwa kiasi hichohicho, au ujue kuwa gia ya pili haitamaliza kilima ilichokuwa ikikimaliza. Spidi mita ya pikipiki hizi kwa kawaida huchukua mwendo gurudumu la mbele, hivyo haiguswi.

Kisichofikiriwa sana ni stendi. Nyuma ikishuka kwa 12 mm, stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno na pikipiki inasimama wima, tayari kuangukia upande wa pili. Ikipanda, tairi linagusa chini hata ukiwa kwenye stendi ya kati.

Upana wa tairi unafuata upana wa ringi. 3.00 inakaa vizuri kwenye ringi ya upana wa inchi 1.85; 90/90 inataka 2.15, 100/90 inataka 2.50. Tairi pana kwenye ringi nyembamba linabanwa likawa duara, kati yake inaisha mapema na pembeni halishiki. Kabla ya kununua, soma pia namba ya mzigo ubavuni: 48 ni kilo 180, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200. Kwa bodaboda, tofauti hizo zinaonekana barabarani.

Ukiongeza kimo au upana, fanya jaribio hili: fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha nyanyua gurudumu kwa mkono mpaka pale shokapu zingefika mwisho. Tairi lisiguse madigadi, cheni wala waya wa taa ya nyuma. Acha angalau 8 hadi 10 mm kila upande, maana tairi hupanuka kwenye mwendo na tope hujaa.

Breki

Upau unaozuia sahani ya breki isizunguke ndio usiokuwa na mjadala. Lazima ufungwe ncha zote mbili kwa bolti ya saizi yake, na kotapini iwepo. Upau ukitoka, breki ya kwanza ya nguvu inaizungusha sahani, inapinda fimbo na kufunga gurudumu. Kama tundu la upau kwenye sahani mpya liko mahali tofauti, tengenezesha upau wa urefu sahihi kwa chuma bapa cha unene uleule. Waya na mpira havihusiki hapa.

Kisha tazama mkono wa breki. Shuu zikiwa zimegusa ngoma, fimbo na mkono viwe karibu na pembe ya digrii 90. Mkono ukiwa umelala, unakanyaga sana na breki inashika kidogo. Unaweza kuuchomoa na kuusogeza jino moja kwenye shina lake, lakini hakikisha kwanza si shuu zilizokwisha ndizo zinazoufanya ulale. Mkono mfupi kuliko wa zamani nao hupunguza nguvu ya breki. Ndani ya ngoma tafuta namba iliyochapwa ya kipenyo cha juu kabisa. Ngoma iliyoipita haifai, hata ikiwa inang'aa.

Ukisuka ringi mpya

Hesabu matundu, kisha angalia mwelekeo wake, maana matundu ya ringi yameinama kufuata pembe ya spoku. Peleka dukani spoku mbili za zamani, ya ndani na ya nje, kwa kuwa kona zake hazifanani. Urefu hupimwa kutoka ndani ya kona hadi ncha. Namba 9 ina unene wa karibu 3.6 mm, namba 10 karibu 3.2 mm, kwa mzigo chukua namba 9, pamoja na nipeli zake (nati ndogo za kukazia spoku) na ringi ambayo matundu yake yanazipokea.

Kabla ya kutoa ringi ya zamani, pima kutoka ukingo wa habu hadi ukingo wa ringi, uandike. Fundi akisuka bila namba hiyo ataiweka ringi katikati ya habu, wakati kwenye magurudumu mengi ya nyuma haikai hapo.

Kaza kwa mizunguko midogo, nusu hadi robo, ukizunguka ringi yote. Kikomo cha kuyumba, pembeni na juu-chini, ni 2 mm. Kazi mpya ilenge chini ya 1 mm. Waya uliofungwa kwenye swingamu ukiwa karibu kugusa ringi unatosha kuonyesha. Mwisho piga tupa ncha zote zilizopita nipeli, vaa utepe wa raba, ndipo tyubu iingie.

Kufunga na kukagua

Badilisha raba za habu kama kibebeo cha sproketi kinacheza ukikizungusha kwa mkono. Raba zilizokwisha hupiga kila ukibadili gia. Paka grisi ekseli, panga bushi kama ulivyohesabu, funga upau wa breki kabla ya kukaza ekseli. Usiamini alama za kuvutia cheni kwenye swingamu ya zamani. Pima kutoka bolti ya mbele ya swingamu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, mpaka zilingane. Cheni ipande na kushuka 20 hadi 30 mm katikati, kisha ipime tena mtu akiwa ameketi. Kukaza nati ya ekseli kufuate kitabu cha pikipiki; nyingi za ukubwa huu huangukia kati ya 45 na 65 Nm.

Zungusha gurudumu baada ya kukaza. Likisimama ghafla, rudi kwenye bomba la kati. Endesha polepole kilomita chache ukitumia breki ya nyuma, kisha shika habu: uvuguvugu ni kawaida, ikiunguza kuna shuu au beringi iliyobana. Baada ya kilomita 100 kagua nati ya ekseli, bolti za upau na spoku, kisha tena kwenye 500. Spoku mpya zitakuwa zimelegea kidogo, nyingi upande wa sproketi. Gonga moja moja kwa spana ndogo. Inayotoa mlio mzito kuliko jirani zake ndiyo ya kukaza.